Inafikiri kwa Luku Yangu

Vijana wa watu wakija Dar es Salaam hutafuta kazi. Wakikosa kazi hutafuta mchumba, na wakikosa vyote viwili hutafuta wa kumlaumu. Mpwa wangu amekuja kutafuta hatua bora. Si hatua ya maisha; hiyo ningemsaidia kuitafuta hata kwa tochi. Anatafuta hatua bora ya farasi kwenye ubao wa sataranji, na wala hajitafutii yeye, anaitafutia kompyuta. Mchana anafanya hesabu za duka la vipuri vya magari huku anasinzia. Usiku ndipo anapoamka rasmi, anakaa kwenye meza yangu ya chakula, anachomeka chaja kwenye ukuta wangu, na kuandika programu ya kucheza sataranji.

Nikamuuliza swali ambalo mnunuzi yeyote wa umeme wa luku angeuliza: kwani programu ya namna hiyo haipo?

"Ipo, mjomba. Tena bure."

Akachukua simu yangu akanionyesha. Inaitwa Stockfish, imekuwapo tangu 2008, watu wanaichukua bila kutoa senti, na hakuna binadamu anayeweza kukaa nayo mezani akategemea kushinda, bingwa wa dunia akiwemo. Inaingia kwenye simu ya kawaida, hii hii ninayopokelea ujumbe wa kunipongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo sikucheza. Na hii yako, nikamuuliza, itaifunga hiyo? Akacheka kwa huruma, mimi nikawa ndiye niliyesema jambo la kitoto. Haiwezi. Hata akiifanyia kazi mpaka aote mvi, haiwezi.

Sasa hebu nisaidieni. Kitu kipo, ni cha bure, ni kizuri kupita vyote duniani, na kijana mwenye akili timamu anakesha kukitengeneza upya kikiwa kibovu. Mke wangu anasema nimwache, wenzake wanakesha baa. Ni kweli, lakini wa baa anatumia umeme wa baa.

La kunichosha zaidi ni kwamba mwenyewe hajui kucheza. Anajua kete zinavyotembea, basi. Mimi niliyejifunza sataranji bwenini, kwa ubao wa kadibodi, namfunga huku namenya karanga. Nikimwambia ajifunze mchezo kwanza ndipo aifundishe mashine, ananitolea Alan Turing. Huyu Turing, Mwingereza, ni miongoni mwa watu walioifikiria kompyuta kabla haijawa kitu cha kuonekana. Sataranji alikuwa anaipenda kuliko alivyoiweza, na bado mwaka 1948 yeye na mwenzake David Champernowne wakaanza kuandika kanuni za mashine ya kuicheza. Kompyuta ya kuziendesha kanuni hizo haikuwepo. Kwa hiyo mwaka 1952 Turing akajigeuza kompyuta mwenyewe: akakaa na karatasi, akafuata kanuni zake moja baada ya nyingine, karibu nusu saa kwa kila hatua, akicheza na mwenzake aliyeitwa Alick Glennie. Akafungwa kwa hatua 29. Mpwa wangu hukisimulia kisa hiki macho yakimlengalenga. Mimi nilichokisikia ni kimoja tu: mashine ile ilitumia karatasi.

Nimelazimika kuelewa mambo ambayo sikuyaomba, maana chakula cha usiku kwetu siku hizi huja na somo. Mwanzo wa mchezo mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua. Nyeusi naye ana 20 za kumjibu, tayari ni njia 400. Hatua ya tatu ni 8,902, ya nne 197,281, ya tano 4,865,609, na hapo samaki bado hajafika mezani. Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alikadiria michezo yote inayowezekana akapata moja ikifuatwa na sifuri 120. Mpwa wangu aliziandika sifuri zote nyuma ya bili yangu ya maji, na nilipoigeuza, kwa kitambo sikujua upande upi ni wa Shannon.

Namba zile za mwanzo si za kutambia. Ndizo anazopimia programu yake, na waandishi wa mashine hizi dunia nzima wanazijua kwa kichwa. Unaiambia programu ihesabu njia zote mpaka hatua ya tano. Ikikuletea pungufu ya 4,865,609, au zaidi, kuna sheria ya mchezo haijaielewa. Usiku mmoja yake ikaleta 4,865,351. Mimi nilikuwa nimelala. Nikasikia mtu anazunguka sebuleni akisema, "Mia mbili hamsini na nane zimepotea. Mia mbili hamsini na nane, jamani, zimekwenda wapi?"

Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba. Aliruka kitandani kabla sijafumbua jicho la pili. Akawasha taa za nyumba nzima, akavuta sanduku uvunguni, akaanza kuhesabu noti, na kila alipofika kumi alinitazama. Nilijitetea kabla sijashtakiwa, jambo ambalo kwa mwenye ndoa ndefu ni ushahidi tosha. Alipofika mwisho kikoba kilikuwa kamili. Kilichopotea kilikuwa hatua 258 za askari.

Askari wa sataranji. Anaruhusiwa mara yake ya kwanza kuruka nyumba mbili, na akitua ubavuni mwa askari wa adui, yule adui anaweza kumla kana kwamba alisogea nyumba moja tu. Lakini ni papo hapo. Akicheza kitu kingine kwanza, haki imekufa. Kati ya njia milioni nne na laki nane na ushee, za namna hiyo ni 258, hazizidi wala hazipungui, na programu ilikuwa haina habari nazo. Aliirekebisha alfajiri, akahesabu upya, namba ikaja kamili, akapiga ukelele wa "Goli!" wakati muadhini wa jirani anajaribu kipaza sauti. Mpaka leo kuna majirani wanaoniuliza siku ile ilikuwa mechi gani.

Programu ilipozijua sheria ikahitaji mpinzani asiye na gharama, anayelala humo humo ndani. Nadhani mmeshamjua.

Mwanzoni nilifurahia, siwezi kukana. Mashine imepewa bei ya kila kete: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Inatazama hatua tatu mbele, yake, yangu, yake, kisha inafunga hesabu na kuchagua njia inayoiacha na mali nyingi. Ikiona kwamba kwenye hatua ya tatu malkia wake atakuwa na askari wangu mdomoni, inaandika faida. Kwamba baada ya hapo ni zamu yangu, na kwamba askari yule ana mlinzi, hayo hayamo kwenye hesabu. Basi malkia anasafiri ubao mzima kwenda kula, anafika, ndipo anagundua kuna mlinzi, anageuza. Anaona askari mwingine upande wa pili, safari inaanza upya. Mimi wakati huo naendelea na shughuli zangu, naleta maaskofu, namficha mfalme, hakuna anayenisumbua.

Vituko vyenyewe huanza ikibanwa. Ngome yake ikishanaswa na haina pa kutokea, inaanza kunirushia askari mmoja mmoja niwale kwanza. Kila kete inayotupa inausogeza msiba hatua mbili mbele, nje ya macho yake, na isichokiona kwake hakipo. Ngome inakufa vilevile, ila sasa inazikwa pamoja na askari watatu. Hans Berliner, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani ambaye pia aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji ya kutumiana hatua kwa posta, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina: athari ya upeo. Mtaani kwetu tunaujua bila profesa. Unamlipa mwenye duka kwa pesa ya mwenye nyumba, unamtuliza mwenye nyumba kwa mkopo wa kwenye simu, mkopo wa simu unaufuta kwa pesa ya shemeji, na tarehe 30 wote wanne wanagonga mlango kwa pamoja. Niliipenda mashine ile. Ilikuwa na matatizo ninayoyaelewa.

Raha hiyo mpwa wangu akaiua kwa mambo mawili. Kwanza akaikataza mashine kufunga hesabu katikati ya ugomvi: maadamu kete zinaliana, iendelee kutazama mpaka vumbi litulie. Pili akaipa kanuni iitwayo alfa-beta, ambayo kiini chake ni hiki: ukishajua kwamba njia hii ni mbaya kuliko ile uliyonayo tayari, achana nayo, huna haja ya kujua ni mbaya kiasi gani. Ukizipanga hatua vizuri, kwa muda ule ule wa kufikiri mashine inaweza kuona mbali karibu mara mbili. Natamani kanuni hiyo ifikishwe kwenye vikao vya harusi.

Ikanifunga. Nilipoipangia upya kete, ikanifunga tena. Nimewahi kufungwa na watu, na mtu akikufunga kuna heshima fulani ndani yake: atachezesha mguu, atajikohoza, atakuuliza kama una chai. Hii inaandika mstari mmoja mdogo wa herufi na namba, kisha kimya. Haijui kama imeshinda. Aliyeiandika ndiye anayejua, naye amesimama nyuma ya kiti changu akitafuna muhogo na kusema, "Mjomba, hatua ya kumi na moja ulikosea," maneno aliyoyasoma kwenye skrini, maana yeye kwa macho yake asingeliona kosa lile hata likimwita kwa jina.

Nikalalamika kwamba huu ni ulaghai, anapigana kwa mikono ya mwingine. Akaniambia ulaghai wa kweli ulifanyika Vienna mwaka 1770. Wolfgang von Kempelen alipeleka mbele ya malkia Maria Theresa sanamu ya Mturuki mwenye kilemba, ameketi nyuma ya kabati, anacheza sataranji peke yake. Kabati lilifunguliwa milango, watu wakaona magurudumu na vyuma. Lile dude likazunguka Ulaya kwa miaka mingi, na mwaka 1809 likamfunga hata Napoleon. Ndani alikuwa amejikunja mtu. Mpwa wangu anaiona ni aibu ya historia, mimi naona ni mpango mzuri sana. Mtu aliyejificha kabatini anakula ugali, ndiyo, lakini mwisho wa mwezi unaweza kumgongea ukamwambia achangie umeme.

Ana visa vingi vya namna hii, na vyote vinakuja nikiwa nimefungwa, kwa nia ya kunifariji. Kwamba mwaka 1956 kule Los Alamos kompyuta ilikuwa dhaifu mno kwa ubao mzima, ikabidi wacheze kwenye ubao wa sita kwa sita na maaskofu wakaachishwa kazi. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza David Horne alibana programu nzima ya sataranji ndani ya baiti 672, akaiingiza kwenye kompyuta ndogo ya ZX81 yenye kumbukumbu ya kilobaiti moja. Haikuwa na ile sheria ya askari iliyomtoa mke wangu kitandani, na watu wakaishi. Hapo nikauliza: sasa yako ina baiti ngapi? Akabadilisha mazungumzo.

Tuje kwenye luku, maana hapo hakuna mzaha. Kumbe kunifunga mimi hakuthibitishi lolote. Mimi si kipimo, aliniambia hivyo mbele ya watoto. Kipimo ni mashine ya leo kucheza na mashine ya jana, na si mchezo mmoja, ni maelfu, kwa sababu bahati nayo ina mkono wake. Basi usiku kucha zinapigana zenyewe kwa zenyewe, sebule haina mtu, feni ya kompyuta inavuma, na kule nje mita inapepesa taa yake nyekundu kwa kasi ambayo zamani tuliiona Krismasi tu, oveni ikiwashwa. Asubuhi anatoka na matokeo kwa pointi za Elo, kipimo cha Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee ambaye nina hakika hakuwahi kununua tokeni saa sita za usiku.

"Mjomba, imeongezeka pointi saba!"

Nikampongeza. Nina utu.

"Ila kuna makadirio ya kukosea, tisa juu au tisa chini."

Nikakaa. Nikamwomba anieleze polepole. Akaeleza: huenda imeongezeka kumi na sita. Huenda pia imepungua mbili. Kuwa na uhakika kunahitaji michezo mingi zaidi, kwa hiyo leo usiku… Hakumaliza, kwa sababu kompyuta ilizimika palepale. Umeme haukukatika mtaani, ulikatika kwetu. Yuniti zilikuwa zimekwisha tangu alfajiri kumbe, kompyuta ilikuwa inaendelea kwa betri yake, na kwenye friza kulikuwa na changu wa mke wangu wa wiki nzima, wameshaanza kulegea. Siku ile tulikula changu asubuhi, mchana na usiku, na jirani wakala, na paka wa jirani. Kwa pointi saba. Au kutoa mbili.

Nikaona dawa ni kuipeleka mashine kijiweni ikaonane na wanaume. Pale tunapocheza drafti kwa vizibo vya soda kuna fundi cherehani ambaye sijamwona akifungwa tangu nihamie Tabata. Anashona vifungo huku anacheza, haangalii vyote viwili. Mpwa akafungua kompyuta, akaeleza kwa adabu zote, shikamoo babu, hii inaona hatua tisa mbele. Fundi akaangalia ubao kwa muda mrefu. Akaona askofu ameachiwa askari wazi kabisa na hajamla, amesogea pembeni.

"Mbona hakula?"

"Ameona akila atapata hasara mbele, babu."

"Si lazima kula?"

"Si lazima."

Fundi akarudisha macho kwenye sindano. "Mchezo wa kula kwa hiari," akasema, "si mchezo." Kijiwe kizima kikaunga mkono, mimi nikiwa wa kwanza, na kijana akafunga kompyuta. Njiani alikuwa mnyonge. Nikamnunulia soda, ingawa kwa haki ya mita yangu ilitakiwa aninunulie yeye.

Sasa nifike kwenye jambo la Jumamosi iliyopita, ambalo ndilo limeleta mgogoro nyumbani na ndilo linalonifanya niandike haya. Tulianza mchezo baada ya magharibi. Nikapelekeshwa kama kawaida, nikanyang'anywa kila kitu, nikabaki na mfalme pekee kwenye kona. Mashine ina mfalme na malkia wawili. Mtoto wa darasa la tatu angenimaliza hapo kwa hatua moja. Ikasogeza malkia mmoja kushoto. Nikasogea. Ikamrudisha kulia. Nikasogea. Kwenye skrini imeandika kwamba ushindi ni wake, haina shaka hata punje, na bado haishindi. Mpwa wangu akaanza kujikuna kichwa. Mimi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, kwa sababu kuna sheria ambayo yeye aliniambia mwenyewe kwenye samaki: zikipita hatua 50 za kila upande hakuna kete iliyoliwa wala askari aliyesogea, mchezaji anaweza kudai sare.

Aligundua tatizo tukiwa kwenye arobaini na kitu. Alipoandika thamani ya kumfunga mfalme, aliipa namba kubwa kuliko zote, lakini namba ni ile ile, uwe ushindi wa sasa hivi au wa hatua tano mbele. Kwa hiyo kila zamu mashine inaona inaweza kushinda sasa, inaona pia inaweza kushinda baadaye, inaona ni sawasawa tu, inachukua yoyote. Haraka ya nini, ushindi si upo? Kuna mistari ya kuandika, akasema, unapunguza pointi moja kwa kila hatua ya kungoja, ni kazi ya dakika mbili. Akanyoosha mkono kwenye kibodi. Nikaushika ule mkono. Nikamwambia mchezo ukianza hakuna fundi kugusa mashine, hata mpira hauruhusu kocha kuingia kubadilisha goli. Malkia kushoto, mfalme wangu kulia. Malkia kulia, mfalme wangu kushoto. Hamsini.

Yeye kwenye faili lake ameandika sare kwa sababu ya kasoro, na anataka mchezo ufutwe. Mimi nimechukua daftari la shule la mwanangu nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba nimetoka sare na mashine inayoona hatua tisa mbele, tarehe na saa, na nimemtaka atie sahihi. Amekataa. Tukabishana mpaka saa tano, yeye akinitajia Shannon, mimi nikimtajia mita. Mke wangu akatoka chumbani amejifunga khanga.

"Nani kashinda?"

Tukamweleza kwa pamoja, kila mtu upande wake, mpaka na malkia wawili.

"Kwa hiyo mmekaa hapa tangu magharibi," akasema, "na hakuna aliyeshinda?"

Tukakubali kwamba kwa lugha ya kawaida ndivyo.

"Basi gari la taka linapita saa kumi na mbili asubuhi. Mifuko iko minne. Miwili miwili."

Mpwa wangu akainua kidole kuuliza kama angeweza kwanza kuiwasha mashine icheze yenyewe usiku huu, maana amepata wazo. Sikusubiri jibu la mke wangu. Nilichukua mifuko yangu miwili nikaisogeza mlangoni, nikaenda kulala na chaja yake mfukoni.